Kamba Kuukuu za Meli: Hotuba kuhusu Magdalena Abakanowicz

Wazee mliokaa mbele, shikamooni. Walimu wangu, na ninyi dada na kaka zangu mafundi, hamjambo.

Nimekuja na kamba. Hii hapa, kamba ya katani ya kawaida, ile ya kufungia mbuzi, nimeinunua jana sokoni. Naomba ianzie kwa bibi aliyekaa hapa kushoto. Bibi, shika hiyo ncha, uisokotoe kidogo, ukishatosheka umpe jirani yako. Msiniulize sababu. Endeleeni na kamba, mimi niendelee na maneno.

Mama ninayetaka kuwasimulia leo anaitwa Magdalena Abakanowicz. Hizo herufi za mwisho zisiwatishe, Wapolandi hutamka "Abakanovichi" na mambo yanaisha. Alizaliwa tarehe 20 Juni 1930 huko Falenty, nje kidogo ya jiji la Warszawa, akafariki Aprili 2017 akiwa na miaka 86. Katikati ya tarehe hizo mbili alichukua kazi ya kufuma, kazi ambayo mahali pengi huhesabiwa kuwa ya akina mama wanaopoteza muda wakisubiri sufuria ichemke, akaifanya ikae katika ukumbi mmoja na sanamu za mawe na shaba.

Mimi nilikutana na kazi zake kwa pua. Majira ya baridi ya mwaka 2022 jumba la Tate Modern la London lilifungua maonyesho yake makubwa, na nilibahatika kupita huko. Nilikuwa bado sijaingia vizuri mlangoni nikasikia harufu ya ghala. Ninyi mliokulia karibu na mashamba ya mkonge mnaijua: ukavu fulani, vumbi tamu, kama gunia lililolala muda mrefu. Nikasimama. Mzungu aliyekuwa nyuma yangu akanigonga kisigino. Ndipo nikainua macho, nikaona ninginginio la rangi nyekundu lenye mita nne kwenda juu na mita nne kwenda upande, limetoka darini, limejikunja, lina mpasuko katikati, na lote ni katani. Lote! Halina ukuta wa kulishika. Unalizunguka kama unavyozunguka mbuyu.

Kazi ile inaitwa Abakan Nyekundu, ya mwaka 1969. Kabla ya kufika hapo tuanze nyumbani kwake.

Familia yake ilikuwa ya kikabaila. Upande wa baba walijihesabu kuwa na asili ya Kitatari, na ukoo ulisimuliana kwamba mzizi wake ni Abaka Khan wa Wamongolia. Alikulia kwenye shamba kubwa la familia, mtoto anayezurura peke yake porini, anaokota vijiti, udongo, magome na mawe na kuvigeuza vitu. Mwaka 1939 Wajerumani wakaingia Polandi. Mwaka 1943 askari walevi walivamia nyumba yao usiku na kumpiga mama yake risasi. Mkono wa kulia ukakatika. Mama alipona, mkono haukurudi. Mwaka uliofuata, binti akiwa na miaka 14, alikuwa Warszawa akisaidia kuhudumia majeruhi katika hospitali ya dharura.

Sasa, miaka mingi baadaye mama huyu alitengeneza mamia ya miili isiyo na vichwa na isiyo na mikono. Wahakiki wengi wanaruka hapohapo: ameona mkono wa mama, akatengeneza watu wasio na mikono, kwisha habari. Mimi haraka hiyo siipendi. Watoto wengi wa Polandi waliona mambo kama yale, na hawakutengeneza kitu. Yeye mwenyewe aliliandika tukio lile, kwa hiyo hatuwezi kulifunika. Lakini vita peke yake havifundishi mtu kufuma, na leo nimekuja kuzungumza na wafumaji.

Baada ya vita familia ilihamia Tczew, karibu na bandari ya Gdańsk, na mali yote ya kikabaila ikawa imekwenda. Utawala mpya ulikuwa wa kikomunisti. Mtoto wa kabaila hakuwa na nafasi chuoni, basi binti akaficha ukoo wake, akajiandikisha kuwa mtoto wa karani. Akaanza chuo cha sanaa Sopot, kisha mwaka 1950 akahamia chuo cha sanaa cha Warszawa, jiji ambalo lilikuwa bado linafukuliwa kutoka kwenye vifusi. Akahitimu mwaka 1954. Miaka ile serikali ilitaka sanaa ya aina moja: wafanyakazi wenye misuli, wakulima wenye tabasamu, viongozi wanaotazama mbali. Ukichora kitu kisichoeleweka unaitwa mtu wa umbo tupu, na hilo lilikuwa kosa.

Mwaka 1956 aliolewa na Jan Kosmowski, mhandisi. Wakaishi katika nyumba ndogo mno, na hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu tunapozungumzia wasanii wakubwa tunapenda kusema "kipaji" tukasahau ukubwa wa chumba. Mtu anayeishi chumba kimoja hawezi kuchonga jiwe. Ataliweka wapi? Magdalena alichora mimea mikubwa, majani na samaki kwenye mashuka ya kitani aliyoyaunganisha kwa kuyashona. Shuka ukimaliza unalikunja. Unalisukuma chini ya kitanda. Maisha yanaendelea.

Mwaka 1960 alipata nafasi ya kufanya maonyesho yake ya kwanza peke yake, katika ukumbi wa Kordegarda mjini Warszawa. Wakubwa wakaja kukagua, wakaona yale majani yasiyosema lolote kuhusu ujenzi wa taifa, wakayafunga maonyesho kabla hayajafunguliwa. Hebu fikiria umeshona, umepaka, umebeba, umetundika, halafu unaambiwa shusha.

Lakini kuna mtu alikuwa ameziona zile kazi. Maria Łaszkiewicz, mfumaji mwenye umri mkubwa kuliko yeye, ndiye aliyefanya jina la Abakanowicz liingie katika orodha ya watakaoiwakilisha Polandi huko Lausanne, Uswisi, kwenye Biennale, yaani maonyesho ya kila baada ya miaka miwili, ya kwanza ya kimataifa ya mazulia ya ukutani, mwaka 1962. Na kwa kuwa chumba cha akina Kosmowski kisingetosha vitanda viwili, cha kulalia na cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia, Magdalena akawa anakwenda kufuma kwenye chumba cha chini ya ardhi nyumbani kwa Maria, juu ya kitanda cha mfumi cha Maria. Nimesoma maandishi mengi kuhusu Abakanowicz, na mama huyu mwenye kitanda hupewa mstari mmoja. Mimi ningempa ukurasa.

Huko Lausanne kulikuwa na utaratibu uliozoeleka. Kwa kawaida ya Kifaransa, hasa kwa mafundi wa mji wa Aubusson, mchoraji mashuhuri anachora kielelezo, anakipeleka karakanani, mafundi wanakifuata mstari kwa mstari. Mchoraji ana jina, fundi ana vidole. Wapolandi walikuja na mtindo mwingine. Nchi yao ilikuwa imebomolewa, sufu nzuri hakuna, hariri hakuna. Walifuma kwa chochote kilichopatikana, uzi mnene, uzi mwembamba, nywele za farasi, kamba za kufungia mizigo. Na mfumaji mwenyewe ndiye aliyekuwa akitunga, hapohapo, mshindio ukipita kwenye mtande. Kazi ya Abakanowicz iliitwa Utungo wa Maumbo Meupe, yenye urefu wa kama mita sita, mbichi, ina mabonde na matuta kama shamba lililolimwa. Waliozoea mazulia laini walikunja uso. Wengine walielewa papo hapo kwamba kuna jambo limetokea.

Miaka mitatu baadaye, 1965, alitwaa medali ya dhahabu katika Biennale ya São Paulo, Brazil. Mwaka huohuo akaanza kufundisha katika chuo cha sanaa cha Poznań, akafundisha miaka 25. Chuo hicho leo kinabeba jina lake.

Basi tujiulize: ilikuwaje mtu aliyefungiwa maonyesho mwaka 1960 akaruhusiwa kuzunguka dunia na medali kufikia 1965? Serikali ni ileile. Jibu langu ni hili, na ndilo lililonileta hapa. Mlangoni kwa uchoraji kulikuwa na mlinzi. Mlangoni kwa uchongaji kulikuwa na mlinzi mkali zaidi, maana sanamu ndizo zinazosimama viwanjani. Mlangoni kwa ufumaji hakukuwa na mtu. Nani aweke mlinzi kwa akina mama wenye nyuzi? Ni mapambo, ni mambo ya nyumbani, ni kama hivi vitambaa vya kufuma tunavyovitandika juu ya televisheni. Abakanowicz akapita mlango huo akiwa amebeba uchongaji mzima chini ya kwapa, na hakuna aliyemwuliza.

Bibi, kamba imefika wapi? Naam, vizuri. Mnaona sasa singa zinavyoanza kujitokeza. Msizikate, ziacheni na yale mapindo yake.

Hiyo mnayoifanya ndiyo iliyokuwa kazi yake ya miaka ile. Alikuwa anakwenda kwenye bandari za Baltiki kutafuta kamba kuukuu za meli, zile nene kama mkono wa mtu, zilizokwisha kazi. Anazibeba nyumbani, anazifumua, anazifua, anazitia rangi, kisha ndipo anafuma. Kamba iliyofumuliwa haisahau kusokotwa kwake. Inabaki na mawimbi, na ukiifuma, kitambaa hakilali chini kwa adabu kama kitambaa cha dukani. Kinasimama. Kinakaidi. Ndiyo maana kazi zake ziliweza kujishikilia hewani. Alifuma vipande vya vipimo vikubwa, akavishona pamoja kama ngozi, akavitundika darini kwa vyuma ndani, akaacha midomo na mipasuko ambamo mtu anaweza kuingia. Wahakiki wakakosa jina. Zulia? Hapana, zulia lina ukuta. Sanamu? Hapana, sanamu haijikunji. Wakachukua jina lake la ukoo, wakaziita kazi zile Abakan. Jina la ukoo ule uliofichwa ili mtoto apate chuo, sasa ndilo jina la aina nzima ya sanaa.

Kuhusu katani yenyewe, naomba nichepuke kidogo, mnivumilie. Mkonge asili yake ni Meksiko. Ulifika Tanga mwaka 1893 kwa mkono wa Mjerumani, Richard Hindorf. Miche ilitoka Florida ikiwa elfu moja, ikafika hai 62. Kutokana na hiyo 62, miaka sabini baadaye Tanganyika ndiyo iliyokuwa ikiongoza dunia kwa katani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Babu zetu walikata majani yale kwa mapanga, miba ikawatoboa mapaja, mabehewa yakateremka hadi bandarini, na dunia nzima ikafunga meli zake kwa singa hizo. Halafu miaka hiyohiyo ya sitini kamba za plastiki zikaingia, bei ya katani ikaporomoka, mashamba yakaanza kuota magugu. Wakati sisi tunaanza kuhesabu hasara, kule Polandi kuna mwanamke ameinama bandarini anaokota kamba zilizotupwa. Niliposimama chini ya ile Abakan nyekundu nilimwona babu yangu. Sikumweleza mtu pale, wangenijibu nini?

Mwaka 1969 jumba la Museum of Modern Art la New York lilimweka katika maonyesho yake ya ufumaji mpya. Miaka hiyohiyo Abakan zake zilipelekwa kwenye vilima vya mchanga vya Łeba, pwani ya Polandi, zikarekodiwa filamu, upepo ukizipiga kama tanga. Muda mfupi baadaye akakabidhiwa ukuta mzima wa makao ya serikali ya mkoa huko 's-Hertogenbosch, Uholanzi: mita 20 kwa mita 8, ukuta unaotembea ndani na nje kama mwamba wa mtoni.

Ungedhani basi mtu huyu amefurahi. Hakufurahi. Aliandika baadaye kwamba Abakan zilimpa sifa duniani lakini zikamlemea kama dhambi isiyoweza kuungamwa, kwa sababu kufuma kulimfungia mlango wa kuingia katika ulimwengu wa sanaa. Mlango ule usio na mlinzi, kumbe ulikuwa unaelekea uani! Huku mbele sebuleni, wenye majumba ya makumbusho walikuwa wanampigia makofi na kumwita mfumaji hodari, na neno "mfumaji" midomoni mwao lilikuwa na kimo kile tunachokijua. Kufikia katikati ya miaka ya sabini akaacha kufuma.

Hapo mimi na yeye hatukubaliani. Ninamheshimu, lakini naona aliona haya kwa kitu kilichokuwa kikubwa kuliko vyote alivyofanya baadaye. Labda ningekuwa yeye, nikaalikwa kila mwaka kwenye maonyesho ya "nyuzi" huku wachongaji wa kiume wakialikwa kwenye maonyesho ya sanaa, nami ningeacha.

Alichokifanya baada ya hapo alikifanya kwa magunia. Ndiyo, magunia, haya ya jutu tunayowekea mahindi. Alichukua kalibu ya plasta ya mwili wa mtu aliyeketi na kuinama, akabandika ndani yake vipande vya gunia vilivyoloweshwa gundi ngumu, akasubiri vikauke, akabandua. Kinachotoka ni mgongo. Mgongo tu, ganda tupu. Ukizunguka mbele hukuti mtu. Kati ya 1976 na 1980 alitengeneza migongo 80, na hakuna miwili inayofanana, kwa kuwa gunia kila mara hujikunja litakavyo. Watu walimwuliza: hawa ni wafungwa wa Auschwitz, ile kambi ya mauaji ya Wanazi? Ni ibada ya Peru? Ni ngoma ya Bali? Akajibu kwamba yote ni ndiyo, kwa sababu kazi inamhusu binadamu kwa ujumla. Nami nilipoiona picha ya migongo ile kwa mara ya kwanza niliona wachukuzi wa bandarini wakisubiri zamu.

Mwaka 1980 aliiwakilisha Polandi katika banda lake huko Venice, kwenye Biennale. Akajaza ukumbi vitu kama mia nane vya mviringo, vya gunia na shashi na kamba, vingine vidogo kama yai, vingine vikubwa kama mwamba, vimeshonwa kwa mishono mibovu ya makusudi, na penye mpasuko unaona ndani kumejazwa nyuzi. Akauita mkusanyiko ule Embriolojia, yaani elimu ya mimba changa. Wakinamama mliojaza mito na magodoro kwa pamba mnaijua hisia hiyo, unaposukuma kwa kidole na kitu kinakurudishia. Ni kazi ya mshonaji wa magodoro, na ilikwenda Venice.

Sehemu iliyobaki ya maisha yake naipitia mbio. Ruhusa za viwanja zilikuja, na pamoja nazo shaba nyeusi, mawe na chuma: sanamu 33 huko Celle, karibu na Pistoia, Italia, mwaka 1985, magurudumu saba ya mawe ya chokaa Jerusalem mwaka 1987, miili 40 imeketi Hiroshima, watu 112 wa chuma katika bustani ya Poznań mwaka 2002. Ya mwisho kubwa iko Chicago, katika Grant Park, tangu 2006: watu 106 wa chuma, kila mmoja karibu mita tatu, waliosubiwa katika kiwanda cha Śrem huko Polandi na kuvushwa bahari. Hawana vichwa wala mikono. Wanatembea, kila mmoja na njia yake, na wapita njia wanapenya katikati yao wakiwa na kahawa mikononi. Aliyewahi kuishi chini ya umati unaoshangilia kwa amri, na umati unaochukia kwa amri, anajua kwa nini wale hawana vichwa.

Lakini ukisogea karibu na mmoja wao, ngozi yake ina mikunjo. Inafanana na gome la mti, na inafanana na gunia lililolowa na kukaukia mgongoni mwa mtu. Amefika hadi kwenye tani za chuma, na mkono bado ni ule wa nguo.

Nimeambiwa dakika zangu zimekwisha, na naona kamba imefika safu ya nyuma. Kijana, simama tuione. Tazameni: ilipoanza kwa bibi ilikuwa kamba ya mbuzi, unene wa kidole. Sasa imejaa mikono miwili, na bado kuna nusu nzima haijafumuliwa. Usiikunje. Ilete hapa mbele vilevile ilivyo, tuitundike kwenye ule msumari wa saa.